Marion Tinsley

Marion Franklin Tinsley (Ironton, Ohio, 3 Februari 1927 – Humble, Texas, 3 Aprili 1995) alikuwa mwanahisabati, mhadhiri wa chuo kikuu na mchezaji wa drafti kutoka Marekani. Alikuwa bingwa wa dunia wa drafti kuanzia mwaka 1955 hadi 1958, na tena kuanzia 1975 hadi 1991. Wengi humhesabu kuwa mchezaji bora kuliko wote waliowahi kutokea katika drafti ya Kiingereza na Kimarekani. Katika miaka 45, tangu 1950 hadi alipofariki, huhesabiwa kwamba alipoteza michezo saba tu ya mashindano, na miwili kati ya hiyo aliipoteza mbele ya programu ya kompyuta iliyoitwa Chinook.

Anakumbukwa kwa mambo mawili. La kwanza ni jinsi alivyosoma mafumbo na hali za mwisho wa mchezo zilizokuwa zimeandikwa vitabuni tangu karne ya 18, akazijua kuliko waliozitunga. La pili ni mapambano yake na kompyuta akiwa mzee, ambayo yalikuwa kati ya mashindano ya kwanza ya kugombea ubingwa wa dunia baina ya binadamu na mashine katika mchezo wowote.

Mchezo wenyewe

Drafti aliyocheza Tinsley huchezwa kwenye ubao wa vyumba 64, lakini vinavyotumika ni vile 32 vyeusi tu. Kila mchezaji huanza na kete 12. Kete huenda mbele kwa mshazari, hula kwa kuruka, na kula ni lazima. Kete inayofika mstari wa mwisho wa upande wa mpinzani huwa kingi, na kingi huweza kwenda mbele na nyuma.

Wachezaji wa drafti wa Tanzania, tangu Ngara na Biharamulo hadi pwani, wataona tofauti moja kubwa. Vijiweni kingi hutembea mbali, hukata ubao kutoka upande mmoja hadi mwingine. Katika drafti ya Kiingereza kingi huenda chumba kimoja tu kwa kila hatua, na hula kete iliyo jirani yake tu. Tofauti hiyo hubadilisha mwisho wa mchezo. Kingi moja inayotembea mbali ikishika njia kuu ya mshazari ni vigumu kuinasa hata ukiwa na kingi tatu. Kwa kanuni za Kiingereza, kingi mbili huishinda kingi moja hata ikijificha kwenye pembe yenye vyumba viwili, mradi mchezaji ajue hatua zenyewe. Asiyezijua atazunguka nayo mpaka wakubaliane sare. Hilo huwa somo la kwanza kabisa katika vitabu vingi vya mchezo huo.

Mafumbo ya zamani

Ili mchezo uweze kuandikwa, vyumba 32 vilipewa namba kuanzia 1 hadi 32. Ikiandikwa 11-15, maana yake kete iliyokuwa chumba cha 11 imehamia chumba cha 15. Kwa njia hiyo mchezo uliochezwa miaka mia mbili iliyopita unaweza kurudiwa leo hatua kwa hatua.

Fumbo la drafti ni mchoro wa ubao wenye kete chache pamoja na agizo moja fupi: weupe wacheze na washinde, au weusi wacheze na watoke sare. Mwaka 1756 William Payne, mwalimu wa hisabati wa London, alichapisha kitabu kilichoeleza mchezo huo kwa Kiingereza. Maneno ya kukiweka wakfu yaliandikwa na Samuel Johnson, mtunzi maarufu wa kamusi. Mwaka 1800 Joshua Sturges alitoa kitabu kingine chenye michezo mingi na mafumbo mengi. Kutokana na vitabu vya namna hiyo zilipatikana hali nne za mwisho wa mchezo ambazo wachezaji huziita kwa namba tu: Hali ya Kwanza, ya Pili, ya Tatu na ya Nne. Mchezaji mkubwa huzijua kama mwanafunzi anavyojua jedwali la kuzidisha.

Anayefumbua fumbo hutazama mambo matatu. Kwanza hutafuta kula kwa lazima: kwa kuwa mpinzani hawezi kukataa kula, mchezaji anaweza kumlisha kete moja au mbili ili kumtoa mahali pake, kisha akala zaidi. Pili hupima nani ataishiwa na hatua. Iko kanuni ya zamani ya kupima jambo hilo pande zote mbili zikiwa na kete sawa. Mchezaji ambaye ni zamu yake huhesabu kete zote, zake na za mpinzani, zilizo katika safu nne zinazoanza na chumba cheusi upande wake. Idadi ikiwa witiri, nafasi ni yake. Ikiwa shufwa, ni ya mpinzani. Kula kunaweza kuibadilisha hesabu hiyo, na mafumbo mengi yamejengwa juu ya badiliko hilo. Tatu, na hapa ndipo kusoma kunapohitajika, hujiuliza kama hali iliyo mbele yake inaweza kugeuzwa kuwa nyingine ambayo jibu lake tayari linajulikana.

Kati ya mabingwa, jambo la tatu ndilo huamua. Mchezo wenye kete nyingi ubaoni unaweza kuwa umekwisha tayari, ikiwa mmoja wao anaona kwamba hatua ishirini baadaye utaangukia hali fulani ya kitabuni. Nguvu ya Tinsley ilikuwa hapo.

Maisha ya awali

Tinsley alizaliwa Ironton, mji wa jimbo la Ohio ulio kando ya mto Ohio, na alikulia Columbus katika jimbo hilohilo. Alikuwa hodari sana shuleni, hasa katika hisabati, akarushwa madarasa kadhaa na kuingia Chuo Kikuu cha Ohio State akiwa na umri wa miaka 15. Baadaye alieleza kwamba utotoni alihisi wazazi wake wakimpenda dada yake kuliko yeye, na kwamba juhudi zake za kushinda mashindano ya hisabati na ya tahajia zilitokana na hamu ya kukubaliwa nyumbani.

Drafti aliijua nyumbani pia. Bibi mmoja aliyekuwa mpangaji wao alikuwa akicheza naye na kumshinda kila mara, na kila alipokula kete za kijana huyo alicheka kwa sauti. Tinsley hakukisahau kicheko hicho. Alipokuwa katika maktaba ya chuo kikuu akitafuta vitabu vya hisabati, aliona vitabu vya drafti, akavichukua kwa nia ya kujifunza namna ya kumshinda bibi yule. Akagundua kwamba mchezo alioudhani wa kupitisha wakati ulikuwa na maandiko ya karne mbili.

Tangu hapo alisoma drafti kama somo. Mwenyewe alikadiria kwamba katika miaka ya masomo yake ya juu alitumia saa 10,000 hivi kuchunguza michezo na mafumbo. Hakuridhika kukariri majibu. Aliyapima upya, na mara kwa mara aligundua kwamba jibu lililorudiwa kitabu baada ya kitabu lilikuwa na kosa. Alisema kwamba masahihisho hayo wakati mwingine yalimjia ghafla akiwa anafanya jambo jingine kabisa, hata akiwa anasoma Biblia.

Kazi na imani

Mwaka 1957 alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Ohio State, akisimamiwa na Herbert Ryser, mtaalamu wa kombinatoriki, yaani tawi la hisabati linalochunguza namna za kupanga na kuhesabu vitu. Alifundisha katika Chuo Kikuu cha Florida State mjini Tallahassee, kisha mwaka 1963 akahamia Chuo Kikuu cha Florida A&M katika mji huohuo, akafundisha huko hadi alipostaafu mwaka 1989.

Uhamisho huo haukuwa wa kawaida kwa wakati ule. Florida A&M ilianzishwa mwaka 1887 kwa ajili ya Wamarekani weusi, waliokuwa wamezuiliwa kuingia vyuo vya wazungu. Mwaka 1963 sheria ya haki za kiraia ya Marekani ilikuwa bado haijapitishwa. Ilipitishwa mwaka uliofuata. Tinsley, aliyekuwa mzungu, aliwahi kufikiria kwenda Afrika kuwa mmisionari anayejitegemea kwa kipato chake. Dada mmoja wa kanisani, asiyeficha maneno, alimwambia kwamba wengi waliotaka kwenda kuwasaidia Waafrika hawakuwa tayari hata kuzungumza na watu weusi wa Marekani. Maneno hayo yalimgusa. Safari ya Afrika hakuifanya. Badala yake alikwenda kufundisha hisabati katika chuo cha watu weusi kilichokuwa karibu naye, akabaki huko zaidi ya robo karne.

Alikuwa Mkristo mwenye bidii na mhubiri mlei katika kanisa la Disciples of Christ. Hakuoa. Waliomfahamu walimweleza kuwa mtu mpole na mwenye adabu mezani, asiyewadharau wapinzani wadogo.

Ubingwa

Mwaka 1955 Tinsley alipambana na bingwa wa dunia Walter Hellman, akamshinda bila kupoteza mchezo hata mmoja. Mwaka 1958 aliutetea ubingwa wake dhidi ya Derek Oldbury wa Uingereza: alishinda michezo 9, akapoteza 1, na 24 ikawa sare. Baada ya hapo aliacha mashindano kwa miaka kumi na zaidi. Hakukuwa na mtu wa kumsumbua, na mashindano yenyewe yalikuwa yamemchosha.

Alirudi mwaka 1970, na mwaka 1975 akawa bingwa wa dunia kwa mara ya pili. Kuanzia hapo hakuna binadamu aliyemwondoa. Sare nyingi katika mapambano haya zisimshangaze msomaji. Wachezaji wawili wakubwa wakicheza bila kosa, drafti huelekea sare. Kwa sababu hiyo mashindano makubwa yalianza kuchagua hatua tatu za mwanzo kwa kura, ili wachezaji walazimike kuanza katika hali wasizozipenda, na nyingine huwa hatari kwa upande mmoja. Hata katika hali hizo Tinsley alipata njia. Akiwa na hali mbaya alikumbuka fumbo lenye sare ndani yake. Akiwa na hali nzuri alijua ni sehemu ipi ya vitabu iliyokosewa, akamngoja mpinzani hapo.

Mapambano na kompyuta

Drafti ilikuwa kati ya michezo ya kwanza kufundishwa kompyuta. Arthur Samuel wa kampuni ya IBM aliandika programu iliyojifunza kutokana na michezo yake yenyewe, na mwaka 1962 programu hiyo ilimshinda mchezaji mmoja mzuri wa Marekani. Magazeti yakaandika kana kwamba kazi imekwisha. Wachezaji wakubwa walijua kwamba mchezo ule haukuwa wa kiwango cha ubingwa.

Mwaka 1989 Jonathan Schaeffer wa Chuo Kikuu cha Alberta, mjini Edmonton nchini Kanada, alianza kutengeneza Chinook pamoja na wenzake. Programu hiyo ilikuwa na silaha ambayo Samuel hakuwa nayo: kanzidata ya hali za mwisho. Kompyuta ilipewa kila hali inayowezekana yenye kete mbili ubaoni, kisha tatu, kisha nne, na kuendelea; kwa kila hali ikahesabu kama ni ushindi, sare au hasara, bila kukisia. Yaani kazi ambayo wasomi wa mafumbo waliifanya fumbo moja baada ya jingine, mashine iliifanya kwa yote. Katika kuifanya ilibainisha kwamba baadhi ya majibu ya vitabu vya zamani hayakuwa sahihi.

Mwaka 1990 Chinook ilishiriki mashindano ya taifa ya Marekani huko Tupelo, Mississippi. Tinsley alikuwa wa kwanza, Chinook ya pili. Mshindi wa pili alikuwa na haki ya kumpa changamoto bingwa, lakini vyama vya drafti vya Marekani na Uingereza vilikataa mashine igombee ubingwa wa binadamu. Tinsley alitaka kucheza. Kwa muda mrefu alikuwa amekosa mpinzani wa kumpa taabu, na programu hii ilicheza bila woga, tofauti na watu waliokaa mbele yake wakitafuta sare tangu hatua ya kwanza. Akaujiuzulu ubingwa wake ili awe huru kupambana nayo. Vyama vikakubali kuanzisha ubingwa mwingine, wa binadamu dhidi ya mashine, naye akatambuliwa kuwa bingwa wa heshima.

Mwishoni mwa mwaka huohuo walicheza Edmonton michezo 14 ya kirafiki. Kumi na mitatu ilikuwa sare, mmoja Tinsley alishinda. Katika mchezo huo, Chinook ilipocheza hatua yake ya kumi, Tinsley alimwambia Schaeffer papo hapo kwamba hatua ile itajutiwa. Kompyuta yenyewe haikuona tatizo lolote, na iliendelea kujiona salama kwa muda. Hatua 26 baadaye ilishindwa. Schaeffer alipochunguza kwa kompyuta alithibitisha kwamba kosa lilikuwa pale pale Tinsley alipolionyesha.

Pambano la ubingwa lilifanyika London mwezi Agosti 1992, likipangwa kuwa la michezo 40. Tinsley alikuwa na miaka 65. Alishinda mchezo wa 5. Katika mchezo wa 8 Chinook ilimshinda, na katika mchezo wa 14 ikamshinda tena. Kwa mara ya kwanza bingwa alikuwa nyuma. Mchezo wa 18 kompyuta ilikwama ikapoteza, hivyo wakawa sawa. Mchezo wa 25 alishinda ubaoni, na wa 39 vilevile. Pambano likaishia hapo: ushindi 4 kwa 2, sare 33. Watazamaji wengi, miongoni mwao wataalamu wa kompyuta, walimshangilia. Yeye alieleza ushindi huo kwa imani yake, kwamba aliyeiandaa Chinook ni Schaeffer, na aliyemwandaa yeye ni Mungu.

Pambano la mwisho na kifo

Mwezi Agosti 1994 walikutana tena Boston, katika jumba la makumbusho ya kompyuta. Chinook ilikuwa imeongezewa kasi, na kanzidata yake ilikuwa imepanuka sana. Michezo sita ya kwanza yote ilikuwa sare. Kisha Tinsley akalalamika maumivu ya tumbo, akaomba kujitoa na kuukabidhi ubingwa. Uchunguzi wa hospitali ulionyesha uvimbe kwenye kongosho. Ubingwa wa binadamu dhidi ya mashine ukaenda kwa Chinook bila mashine hiyo kumshinda Tinsley katika pambano lolote.

Alifariki kwa saratani ya kongosho huko Humble, Texas, tarehe 3 Aprili 1995, akiwa na umri wa miaka 68.

Urithi

Kifo hicho kiliacha swali ambalo halikuwa na njia ya kujibiwa ubaoni: kama Tinsley angekuwa na afya, je, Chinook ingemshinda? Wapenzi wa drafti walisema la. Schaeffer, aliyekuwa amekuja kumheshimu sana mpinzani wake, aliona iliyobaki ni njia moja tu, nayo ni kuufumbua mchezo mzima kama fumbo moja. Hali zinazowezekana katika drafti hiyo ni nyingi mno: tarakimu 5 ikifuatwa na sifuri 20, kwa makadirio. Kompyuta nyingi zilifanya kazi hiyo kwa vipindi tangu 1989, na mwezi Julai 2007 matokeo yalichapishwa katika jarida la Science: pande zote mbili zikicheza bila kosa, mchezo huisha sare.

Kwa hiyo hakuna mashine, hata iwe kubwa namna gani, inayoweza kumlazimisha kushindwa mchezaji asiyekosea tangu mwanzo wa mchezo. Hilo halithibitishi kwamba Tinsley asingekosea. Alikosea, ingawa mara chache sana katika miaka 45. Lakini lilionyesha kwamba hukumu ambazo wachezaji kama yeye walizifikia kwa vitabu, penseli na subira hazikuwa mbali na ukweli wa mchezo. Michezo yake bado hurudiwa na wanafunzi wa drafti, na pambano lake la 1992 hutajwa katika historia ya akili bandia miaka mitano kabla ya kompyuta Deep Blue kumshinda bingwa wa sataranji Garry Kasparov.